Kichujio cha mpiga picha hakitaliokoa anga la Malaba

MJI wa Malaba hauna usiku. Kituo cha pamoja cha mpakani hufanya kazi saa ishirini na nne, malori yanayoelekea Kampala, Kigali, Juba na mashariki mwa Kongo husubiri zamu yao chini ya taa ndefu, na vituo vya mafuta kando ya barabara kuu itokayo Bungoma huwaka hadi alfajiri. Kusini zaidi, mji wa Busia nao una kituo kama hicho, kilichozinduliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mnamo Februari 2018. Amagoro, makao ya utawala ya Teso Kaskazini, iko karibu na Malaba kiasi kwamba mwanga wa mpakani hutanda upande wa magharibi kila mawingu yanaposhuka.

Hakuna mfanyabiashara wa eneo hilo atakayelalamikia mwanga huo. Mama anayeuza chai kwa madereva saa saba usiku anajua thamani ya taa kuliko mtaalamu yeyote wa Nairobi. Ndiyo sababu miradi ya taa ndefu za sokoni, zile ambazo wananchi walizipa jina la mulika mwizi, imekuwa ahadi isiyokosekana katika kampeni za kisiasa. Ila kuna swali moja ambalo halijapata kuulizwa katika vikao vya bajeti: mwanga unaokwenda juu, usioangukia barabara wala kibanda wala lori, unamfaa nani?

Swali hili limepata uzito mpya kutokana na watu ambao hawajawahi kufikiriwa katika mipango ya taa. Hao ni wapenzi wa elimu ya nyota, wanaopiga picha za anga wakiwa katika ua wa nyumba zao mijini. Katika kipindi cha miaka ishirini hivi, watu hao wameweza kunasa vitu hafifu mno ambavyo zamani vilihitaji darubini za vyuo vikuu vilivyojengwa vileleni mwa milima. Siri yao ni kichujio, kipande cha kioo kidogo kuliko sarafu ya shilingi ishirini au kikubwa kidogo kuizidi. Wapo wanaohoji kwamba ikiwa kioo hicho kinaweza kuushinda mwanga wa jiji, basi hakuna haja ya kuzisumbua serikali kuhusu taa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na pia ina kasoro kubwa. Yafaa tuanze na ukweli wake.

Nebula ni mawingu makubwa ya gesi na vumbi yaliyo katikati ya nyota. Mengine ni mahali nyota zinapozaliwa, mengine ni mabaki ya nyota zilizokufa kwa mlipuko. Gesi iliyo karibu na nyota changa yenye joto kali hupigwa na mionzi ya urujuanimno, nayo ikaanza kuwaka. Jambo la kuzingatia ni kwamba haiwaki kwa rangi zote. Kila elementi ina rangi zake maalumu, kama vile kila ukoo ulivyo na majina yake. Haidrojeni hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa mwanga wa kijani cha bahari, nanomita 500.7. Salfa hutoa wekundu uliokolea zaidi, karibu nanomita 672.

Ukweli huo haukupatikana kwa urahisi. Mnamo Agosti 29, 1864, Mwingereza William Huggins aliuelekeza mwanga wa nebula moja kwenye kioo cha pembetatu akitarajia kuona upinde kamili wa rangi, kama ule wa jua. Badala yake aliona mistari michache tu inayong’aa, akatambua kwamba alikuwa akitazama gesi. Mstari wa kijani haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana duniani, hivyo wanasayansi wakabuni elementi mpya na kuiita nebuliamu. Kwa zaidi ya miaka sitini dunia iliamini kuwapo kwa kitu ambacho hakikuwapo. Ni mwaka 1927 ambapo Mmarekani Ira Bowen alionyesha kwamba nebuliamu ilikuwa oksijeni ya kawaida, hii hii tunayovuta, iliyo katika hali ya upweke mkubwa ambayo maabara za wakati huo hazikuweza kuiiga.

Mpiga picha wa leo anavuna matunda ya ugunduzi huo. Mwanga ambao jicho la binadamu huuona umeenea takriban kutoka nanomita 400 hadi 700, yaani upana wa nanomita 300. Kichujio cha ukanda mwembamba hupitisha nanomita tatu hadi saba tu, kikiwa kimelenga ule mstari wa haidrojeni, wa oksijeni au wa salfa. Kile chembamba kabisa, basi, huzuia karibu asilimia 99 ya mwanga unaotoka katika taa ya rangi zote, huku kikiuacha mwanga wa nebula upite karibu wote. Picha za dakika tano tano hupigwa usiku kucha, kisha kompyuta huzirundika pamoja. Kazi ni ya subira, kwani ili ubora wa picha uongezeke maradufu, muda wa kupiga hauna budi kuongezeka mara nne.

Hapa ndipo suala la aina ya taa linapoingia. Taa za zamani za sodiamu, zenye mwanga wa manjano, zilitoa sehemu kubwa ya mwanga wake karibu na nanomita 589. Wanajimu walizichukia, lakini adui aliyekaa mahali pamoja hukwepeka. Taa za LED zinazochukua nafasi yake zina sifa njema: hutumia umeme kidogo na hudumu muda mrefu. Hata hivyo, zile nyeupe humwaga mwanga kuanzia buluu hadi nyekundu bila kuacha pengo, na buluu ndiyo rangi inayotawanywa zaidi na hewa. Ni sababu ile ile inayofanya anga la mchana liwe la samawati. Mji unaobadilisha taa zake kuwa LED nyeupe bila kuzikinga unaweza kupunguza gharama ya umeme na papo hapo kuongeza ukungu wa mwanga juu ya paa zake.

Je, mtu wa Amagoro anaweza kupata nini kutoka ua wake? Jibu litawashangaza wengi. Mji huo uko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, na anayekaa ikweta ana jambo ambalo mkazi wa London au Cape Town hana: nyota zote za kaskazini na za kusini hupita juu ya upeo wake. Mpiga picha wa Ulaya huijua vyema nebula ya Pazia iliyo katika kundinyota la Dajaja, mabaki ya nyota iliyolipuka, lakini hawezi kuyaona mabaki kama hayo yaliyo kusini katika kundinyota la Tanga, ya nyota iliyolipuka miaka 11,000 hivi iliyopita. Wa Amagoro huyaona yote mawili. Desemba hadi Februari, wakati wa kiangazi, Jabari huwa juu kabisa, akiwa na nebula yake ing’aayo na ule utepe hafifu wa haidrojeni unaomzunguka, uitwao kitanzi cha Barnard. Baada yake huja Shetri, Tanga na Mkuku, makundi matatu yaliyopewa majina ya sehemu za chombo cha baharini. Ndani ya Mkuku mna mojawapo ya nebula kubwa zaidi zinazoonekana kutoka duniani. Mtu wa Ulaya hulazimika kupanda ndege kuifuata.

Ikweta ilikwisha kutufaa kwa namna hiyo siku za nyuma. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, nje ya Malindi, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya ikapewa jina la Uhuru. Nusu karne baadaye, Wakenya wengi hawajui kwamba neno lao limo katika kila kitabu cha historia ya elimu hiyo.

Matatizo hayakosi. Darubini ya kupigia picha lazima izunguke sambamba na dunia, na kwa kawaida huelekezwa kwanza kwenye nyota ya Kaskazini. Kutoka Amagoro nyota hiyo imelala kwenye upeo wenyewe, kaskazini, upande wa mabega ya Mlima Elgon, nyuma ya mikaratusi na vumbi. Stendi nyingi za kiwandani hata hazikuundwa kuinama kiasi hicho. Siku hizi tatizo hilo hutatuliwa kwa programu zinazolinganisha picha na ramani ya nyota. Unyevu wa Ziwa Victoria huganda juu ya vioo, moshi wa mashamba yanayochomwa hupanda Januari, na mbu wa Busia hawana heshima kwa sayansi.

Gharama nayo imeshuka. Mwaka 2023 kampuni ya ZWO ya Uchina ilianza kuuza darubini ndogo iitwayo Seestar S50, yenye kamera na kichujio ndani yake, inayoendeshwa kwa simu ya mkononi. Bei yake nchini Marekani ilikuwa karibu dola 500, yapata Sh65,000 kabla ya usafiri na ushuru. Si pesa kidogo kwa mwalimu wa sekondari, ila ni pesa ambayo shule, kanisa au chama cha wazazi kinaweza kuichanga. Nchini Kenya tayari kuna mfano wa kazi ya namna hiyo: Susan Murabana na wenzake wa mradi wa The Travelling Telescope wamekuwa wakizungusha darubini mashuleni kwa miaka mingi.

Wala wapenzi hawa hawachezi tu. Januari 2023 ilitangazwa kwamba kundi lao, likiongozwa na Wafaransa Yann Sainty na Xavier Strottner pamoja na Mjerumani Marcel Drechsler, limegundua tao kubwa la oksijeni karibu na galaksi ya Andromeda, mahali palipokuwa pamepigwa picha mara zisizohesabika. Walitumia darubini yenye kioo cha milimita 106 na zaidi ya saa mia moja za kupiga picha kutoka Ufaransa. Darubini kubwa za dunia zilikuwa zimepapita bila kuona kitu, kwa sababu hazikuwa zimetazama kwa kichujio hicho kwa muda mrefu kiasi hicho.

Basi huo ndio ukweli wa hoja ile. Mtu mwenye vifaa na subira anaweza kukaa karibu na maegesho ya malori, akavuna haidrojeni iliyoanza safari yake kabla ya Waingereza na Wajerumani kuichora mipaka yetu.

Kasoro yake ni kwamba kichujio huokoa kitu kimoja tu, yaani gesi inayowaka kwa rangi zake maalumu. Nyota hutoa rangi zote, kama taa. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota. Njia Nyeupe pia. Hakuna kioo kitakachotenganisha mwanga wake na ule wa mulika mwizi. Mfano ulio bora kabisa ni Kilimia. Kundi hilo la nyota, ambalo Waswahili walilipa jina kutokana na kazi ya kulima na kulitumia kupimia misimu, limezungukwa na ukungu mwembamba wa buluu. Ukungu huo hauwaki wenyewe, bali huakisi tu mwanga wa nyota zilizo kando yake. Ukiweka kichujio cha haidrojeni mbele ya Kilimia, ukungu unatoweka. Yaani kifaa kinachosifiwa kwamba kimeshinda taa za mji kinashindwa mbele ya kundinyota ambalo mkulima wetu alilihitaji zaidi kuliko yote.

Na jicho halivai kichujio. Mtoto anayetoka nje ya nyumba Amagoro kwenda msalani usiku hana kompyuta ya kurundika picha. Anachokiona ndicho kilichopo.

Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Christopher Kyba na wenzake, uliokusanya maelfu ya ripoti za watu waliotazama nyota kwa macho kati ya 2011 na 2022. Walibaini kwamba mng’ao wa anga la usiku ulikuwa ukiongezeka kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto anayezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 ataona 100 tu atakapofikisha umri wa miaka 18. Ripoti nyingi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Afrika ilichangia chache mno, hivyo hakuna anayeweza kusema kwa takwimu hizo kwamba Busia inaenda kasi hiyo au kasi nyingine. Ramani ya dunia ya mwaka 2016, iliyotayarishwa na Fabio Falchi na wenzake, ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga, na kwamba Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska ni miongoni mwa nchi zilizoathirika kidogo kabisa. Kwa hiyo bara letu bado lina akiba. Ila akiba hiyo haikutokana na busara ya mtu, ilitokana na kukosa umeme, na umeme sasa unafika.

Giza lina watu wake hata nje ya elimu ya nyota. Wavuvi wa omena wa Port Victoria na Sio Port hufanya kazi usiku usio na mwezi, wakitumia taa kuwavuta samaki, na hupumzika mwezi unapokuwa mkubwa kwa kuwa taa yao haina nguvu penye nuru. Mpiga picha wa nebula naye huutaka usiku huo huo. Wakazi wa Teso wanaotega kumbikumbi mvua zinapoanza wanajua jinsi wadudu wanavyoiacha njia yao na kuifuata taa. Wanaocheka kwamba suala la giza ni la wazungu wenye nafasi hawajawauliza watu hao.

Pingamizi zito ni la usalama, na halifai kupuuzwa. Mpaka una magendo, una wizi wa mizigo, una wanawake wanaovuka alfajiri na bidhaa zao. Hata hivyo, anayedai kwamba usalama unahitaji mwanga angani hajatazama vizuri. Taa isiyokingwa humpiga mtu machoni, ikapanua kivuli kilicho nyuma ya kibanda ambamo mwizi hujificha. Taa iliyofunikwa juu na kuelekezwa ardhini hutoa mwangaza ule ule kwa umeme mdogo zaidi. Kila mwanga unaokwenda juu umelipiwa, na kaunti ambazo zimewahi kukatiwa umeme wa taa za barabarani na Kenya Power kwa sababu ya madeni hazina haki ya kuwaangazia popo kwa pesa za umma.

Kisheria, mlango uko wazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti taa za barabarani, na linazikabidhi pia udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma, pamoja na matangazo ya nje. Kelele zilipata kanuni zake za kitaifa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Mwanga haujapata kanuni za namna hiyo, lakini hakuna kinachoizuia kaunti kutumia mamlaka iliyo nayo. Masharti yenyewe yanaingia katika ukurasa mmoja wa zabuni: taa ifunikwe juu, rangi iwe ya joto isiyozidi kelvini 3,000, na nguvu ipunguzwe baada ya saa sita usiku mahali pasipopitwa na watu wengi.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Mwanga hauna pasipoti. Tororo, yenye kiwanda cha saruji, iko upande wa pili wa mpaka, na nusu ya mji wa Malaba wenyewe iko Uganda. Kaunti ya Busia ikifunika taa zake zote kesho, ua wa Amagoro bado utaona mng’ao wa jirani. Kituo cha pamoja cha mpakani kilijengwa ili forodha za nchi mbili zikae chini ya paa moja. Haitakuwa ajabu kama taa za paa hilo nazo zingefuata sharti moja.

Afrika haikosi mifano. Afrika Kusini ilitunga mwaka 2007 sheria ya kulinda maeneo yenye manufaa kwa unajimu, na mwaka 2012 hifadhi ya NamibRand nchini Namibia ilitambuliwa kimataifa kama hifadhi ya anga la giza, jambo ambalo linavutia watalii hadi leo. Teso Kaskazini nayo ina Kakapel, mnara wa kitaifa chini ya vilima vya Chelelemuk, wenye michoro ya kale juu ya mwamba. Wageni hufika mchana, hutazama mwamba, huondoka. Hakuna aliyewahi kuwaambia wabaki hadi saa tatu usiku, na kwa umbali wake kutoka barabara kuu pangefaa kuliko ua wowote wa mjini. Chuo Kikuu cha Alupe kiko katika kaunti hiyo hiyo, na kifaa cha kupimia mng’ao wa anga hutoshea mfukoni. Vipimo vya mwaka mmoja, Malaba, Amagoro na Kakapel, vingeipa kaunti takwimu ambazo utafiti wa 2023 uliikosa Afrika.

Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotekelezwa sasa unafikia kikomo mwaka 2027. Maoni ya wananchi kuhusu utakaoufuata yatakusanywa wodi kwa wodi kabla ya hapo, na taa za masoko zitakuwa miongoni mwa maombi ya kwanza kuandikwa, kama ilivyokuwa awali.